Mtoto kaungwa mawese

HIDAYA: Haya tuko hewani wapendwa, mi Hidaya Mama Kulwa, wiki iliyopita mlinisikia naongea peke yangu kama redio iliyosahaulika dukani, sasa mwenzangu karudi. Baba Kijacho, hongera!

KASSIMU: Kijacho kishakuja bwana, badilisheni jina. Asante dada. Dume. Ila sijalala, msikilizaji ukisikia nakoroma ni mimi sio mtambo.

HIDAYA: Alaf nasikia mmerudishwa wodini.

KASSIMU: Ndo nataka kuanzia hapo, na nimeandika kwenye daftari mambo matano yanayoleta manjano kwa watoto wachanga, leo tunaenda kwa mpangilio. Mtoto kazaliwa Ijumaa usiku saa nne, Jumamosi mchana tukaruhusiwa. Jioni ile namwangalia naona kama wa njano hivi. Sasa chumbani kwetu mapazia ya njano, nikasema ni pazia. Nikamtoa mlangoni kwenye mwanga, nikambonyeza puani na kidole, nikaachia, pale nilipobonyeza njano tupu. Macho nayo.

HIDAYA: Weusi wetu huu ngozi inadanganya, mi nakimbilia macho na fizi.

KASSIMU: Sasa namuita mama mkwe aone. Mama wa Ujiji yule mnamjua. Kamwangalia, kamgeuza, akasema: "Si nilisema mimi! Mimba nzima huyu binti samaki wa migebuka na mawese, migebuka na mawese, sasa mtoto katoka kaungwa!"

HIDAYA: (anacheka) Kaungwa! Mtoto kaungwa mawese!

KASSIMU: Mke wangu kitandani analia na kucheka kwa pamoja, na mshono.

HIDAYA: Subiri kwanza, mawese ya wapi? Maana kama ni yale mabichi yasiyochomwa vizuri hata mi naweza kuwa njano.

KASSIMU: Mama Kulwa, tusiende huko.

HIDAYA: Tunaenda! Kuna watu wanauza mawese mazito kama rangi ya mlango. Mama yangu anayachoma mpaka wekundu unakata, ndo anaweka kitunguu. Alaf kuna wale wa Kyela wanasema yao ni bora kuliko ya Kigoma, jamani, heshima iwepo.

KASSIMU: Ya Kyela sijawahi kuyaonja siwezi kuyasema vibaya.

HIDAYA: Mi naweza.

KASSIMU: Haya nimalize ya mawese kisayansi tuyafunge. Daktari nilimuuliza, kwa aibu. Kacheka. Kasema mtu akila sana vitu vyenye ile rangi, karoti, mawese, viganja na nyayo vinaweza kuwa na unjano kweli, ila weupe wa macho haubadiliki. Jicho likiwa njano hiyo ni bilirubini, uchafu wa njano unaotokana na damu, na haitoki jikoni kwa mama.

HIDAYA: Kwa hiyo migebuka imeachiwa huru.

KASSIMU: Haina hatia. Kinachotokea ni hivi, mtoto anazaliwa na chembe nyekundu za damu nyingi kutuzidi, na zake zinakufa mapema, zetu zinafika kama siku 120 za kwake 80 hivi. Zikivunjika zinaacha hiyo bilirubini, ini ndo linatakiwa kuisafisha itoke na choo, sasa ini lenyewe lina siku moja kazini. Ndo maana kama watoto 60 kati ya 100 waliotimiza miezi wanapata manjano wiki ya kwanza, njiti 80.

HIDAYA: Wangu wiki 34 wote wawili, walikuwa kama ndizi mbivu.

KASSIMU: Ila hiyo ya kawaida inaanza siku ya pili, ya tatu. Ya kwangu imeanza kabla ya saa 24. Hiyo sio ya kusubiri hata kidogo, na mi nikasubiri. Mama mkwe kasema asubuhi tumuanike juani, nikalala. Jumapili saa moja katolewa nje, kaanikwa. Mchana hataki hata kunyonya, ndo tukakimbia.

HIDAYA: Na ilikuwa nini?

KASSIMU: Damu. Mama grupu O, mtoto grupu A. Kinga ya mama inapita kwa mtoto inaenda kuvunja chembe za mtoto. Na wale kina mama wenye damu hasi, yaani grupu ya negativu, wakizaa mtoto mwenye damu chanya, pozitivu, ndo kali zaidi, hao wanatakiwa wachomwe sindano ndani ya saa 72 wakishajifungua, ili mimba ijayo isiingie kwenye hiyo vita. Grupu iko kwenye kadi ya kliniki! Mi hiyo kadi nimeibeba miezi tisa sijawahi kuifungua.

HIDAYA: Wanaume.

KASSIMU: Alaf daktari akauliza, nguo za mtoto mmezitunza na naftalini? Zile punje nyeupe za kufukuza mende kabatini. Nguo tumerithi kwa shemeji, zinanuka hizo mpaka sebuleni! Kumbe kuna watoto wana upungufu wa kitu kwenye damu kinaitwa G6PD, huku kwenye malaria wapo wengi na wa kiume ndo zaidi, wakivuta ile harufu damu inavunjika hovyo.

HIDAYA: Ngoja, hiyo sikujua. Zangu zilijaa naftalini.

KASSIMU: Wakamuweka kwenye taa ya bluu, uchi, kafungwa macho, kama yuko disko. Ule mwanga unaibadilisha bilirubini itoke bila kulisubiri ini.

HIDAYA: Si ndo jua lenyewe!

KASSIMU: Sio.

HIDAYA: Kassimu, hiyo taa imetokana na jua. Miaka ya 1950 huko Uingereza, hospitali ya Rochford, nesi alikuwa anawatoa watoto nje kwenye jua, wakaona palipopigwa na jua manjano yamepungua. Wanangu nimewaanika, leo wako darasa la tatu.

KASSIMU: Wangepona tu, wengi wanapona wenyewe. Na huku tunamuanika na vitenge viwili na kofia, jua linapiga kitenge.

HIDAYA: Mvue basi!

KASSIMU: Apigwe baridi, au aungue. Nigeria walifanyia utafiti, ndio, lakini jua lilichujwa na plastiki maalumu na watoto walipimwa damu, sio bibi na mkeka.

HIDAYA: We uko mjini. Mama wa Kalya huko mwambao wa Ziwa Tanganyika, boti mpaka lini? Akae amuangalie?

KASSIMU: Huyo ndo asipoteze asubuhi mbili na jua! Aanze safari.

HIDAYA: Akisubiri boti jua linamdhuru nini?

KASSIMU: Linampa moyo. Mi lilinipa moyo nikachelewa. Ikizidi inaingia kwenye ubongo, dada, mtoto anabaki kiziwi au viungo vinakakamaa.

HIDAYA: Ulichelewa kwa sababu ulilala. Usilisingizie jua.

KASSIMU: ...

HIDAYA: Sio kwa ubaya.

KASSIMU: Hapana, sema. Ila sikubali.

HIDAYA: Na mi sikubali. Daftari linasemaje?

KASSIMU: Tuko namba mbili. Bado mtoto aliyevimba kichwa kwa kuvutwa wakati wa kuzaliwa, maambukizi, asiyenyonya vizuri maana choo hakitoki na uchafu unarudi, choo cheupe kama chokaa hicho ukimbie siku hiyohiyo...

HIDAYA: Mwenye chumba anagonga, saa kumi hii.

KASSIMU: Si mawese yako haya yamekula muda! Ngoja, meseji. Mama mkwe.

HIDAYA: Mtoto vipi?

KASSIMU: Amelala. Anasema nikipita soko la Mwanga ninunue mawese lita moja, mzazi ameyatamani.

HIDAYA: Yasiwe ya Kyela! Na mwambie jua la kesho...

KASSIMU: Zima hiyo.