Chungulia kikombe kabla ya kuwasha

Habari za nyumbani, wapendwa! Shikamooni wazazi wangu. Leo nipo uani hapa Houston, nasafisha jiko la nyama la peleti, maana kesho nina wageni.

Kwa mliozoea mkaa, peleti ndizo hizi: vumbi la mbao lililoshindiliwa. Unazimimina kwenye sanduku la pembeni, skrubu ndefu inazisogeza hadi kwenye kikombe cha chuma, kiwashio cha umeme kinaziwasha, feni inapuliza.

Plagi nimechomoa tangu jana, na jivu nimeliacha lilale. Kaa dogo hujificha humo saa nyingi. Ukilifyonza kwa mashine ya vumbi, mashine yenyewe inaweza kuwaka. Jivu likitoka linaingia kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, mbali na ukuta. Nyumba nyingi za huku ni za mbao, jamani.

Haya, tazameni kikombe. Jivu limefika nusu! Likijaa, moto unakosa hewa na kuzimika, huku skrubu inaendelea kumwaga peleti. Mwaka jana yalinikuta. Moto ulizimika, nikawasha upya bila kufunua. Ukatoka moshi mzito mweupe, kisha puu! Mfuniko ukafunguka wenyewe, na mwanangu alikuwa amesimama hatua tatu tu. Namshukuru Mungu hakuumia. Tangu siku ile siwashi kabla sijachungulia humu na kutoa peleti zilizorundikana.

Sasa sinia la mafuta. Nalikwangua kwa mwiko wa mbao. Oneni, mafuta ya mbavu yameganda meusi kama lami. Na hiki kijibomba cha kuteremshia mafuta kwenye ndoo, msikisahau, kikiziba mafuta yanabaki ndani. Yakishika moto, msimwage maji hata kidogo! Funika, zima, kaa mbali. Moto ukizidi, huku tunapiga 911, namba ya dharura.

Brashi ya waya siitaki. Uzi mmoja uking'oka, unaingia kwenye nyama, kisha kooni mwa mtu. Wavu nausugua kwa foili niliyoikunjakunja.

Peleti zilizobaki naziweka kwenye ndoo ya kufunika. Unyevu wa Houston ukizipata zinavimba, zinakuwa unga, na zikikaukia kwenye skrubu zinashika kama saruji.

Haya, nimerudisha kila kitu. Nawasha, mfuniko ukiwa wazi. Mnaisikia feni? Moshi ni mweupe bado... subirini... sasa umekuwa mwembamba. Nafunika.