Leso Ilikunjwa au Ilizongwa?

SALOME: Wasikilizaji, mtanisamehe sauti, imekauka. Jumanne nimefungua sanduku la nguo za baba, mara ya kwanza tangu tumzike mwezi uliopita. Juu kabisa kuna leso, imekunjwa mara nne, pembe kwa pembe. Nikakaa chini.

ELIYA: Pole sana, dada.

SALOME: Nikaikumbuka Yohana 20. Petro kaingia kaburini mwa Yesu, kaona vitambaa vya sanda, na ile leso ya kichwani iko mahali pa peke yake, "imezongwa-zongwa".

ELIYA: Kuzongwa si kukunjwa. Ni kuviringishwa, kama kilemba.

SALOME: Imekunjwa, Eliya.

ELIYA: Kitu kilichozongwa kina pembe? Na usiniletee ile hadithi kwamba bwana akiacha leso iliyokunjwa mezani, maana yake "narudi mezani". Haimo katika Injili.

SALOME: Nimeitaja? Nasema tu, mwizi wa maiti hakunji leso. Aliyekunja hakuwa na haraka.

ELIYA: Labda malaika.

SALOME: Malaika wawili wamekaa, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Wamekaa! Hakuna anayefanya usafi.

ELIYA: (anacheka) Angeshuhudia yule mwanafunzi mwingine. Kamshinda Petro mbio, kafika, kainama, kachungulia, kagoma kuingia. Mbio zote zile!

SALOME: Cheka, lakini nina deni na wewe. Siku ya mazishi uliniambia, "Usilie, atafufuka."

ELIYA: Nilisema, na ndiyo imani yetu. Kama Kristo hakufufuka, Paulo anasema kuhubiri kwetu ni bure.

SALOME: Kufufuka sijakukatalia. Yesu alijua anakwenda kumfufua Lazaro, na bado alilia machozi.

ELIYA: Mjane wa Naini, Yesu alimwambia nini? "Usilie." Luka 7.

SALOME: Akamfufua mwanawe palepale! Wewe pale makaburini ulikuwa na mpango huo?

ELIYA: (kimya) Hapana. Lakini Wathesalonike wanaambiwa wasihuzunike kama wasio na matumaini.

SALOME: "Kama" hiyo usiiruke. Hawakuambiwa wasihuzunike. Hata Mariamu Magdalene aliulizwa tu, "Unalilia nini?" Hakukemewa.

ELIYA: Aliulizwa kwa sababu kilio chake kilikuwa kimepitwa na wakati. Aliyemlilia alikuwa amesimama mbele yake.

SALOME: Wangu hajasimama mbele yangu.

ELIYA: Bado. Hiyo "bado" ndiyo Pasaka yenyewe, Salome. Siwezi kuifuta ili nikufariji.

SALOME: Nami siwezi kuifanya kitambaa cha kufutia watu machozi kwa nguvu.

ELIYA: Basi hapo hatupiti.

SALOME: Hatupiti.

ELIYA: Na dakika imebaki moja. Warumi 6 tuliyoiandaa, ubatizo, kuzikwa pamoja naye...

SALOME: Hatujaigusa. Wala makovu ya Yesu aliyotaka kuyaona Tomaso.

ELIYA: Wiki ijayo, Mungu akipenda. Ile leso umeiweka wapi?

SALOME: Nimeirudisha sandukuni. Nilikuwa nimeikunjua kuinusa, nikashindwa kuipata mikunjo yake.

ELIYA: Kwa hiyo sasa...

SALOME: Imezongwa-zongwa. Zima hiyo mashine.