Mungu Asiye na Mikono

Shikamooni wazee, vijana mambo. Kabla sijaingia kwenye mada tuwekane sawa kidogo, Mhindi ni mtu wa India, Mhindu ni mtu wa dini, si kila Mhindi ni Mhindu. Nasema mapema maana kila nikiongea haya lazima kuna mkono unanyooshwa kwa hilo.

Haya. Hadithi za mahekalu ya hija ya Wahindu ni nyingi, ila kilichonishika mimi ni kimoja: miungu yao ina kasoro na kasoro hazifichwi, tena ndo zinazovuta watu.

Twende Puri, jimbo la Odisha, mashariki mwa India, ufukweni kabisa. Hekalu ni la karne ya 12, ndani yuko mungu Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra. Ukiona picha yake mara ya kwanza unashtuka, macho ya duara kama sahani, mwili kama gogo, mikono ni vigutu, miguu hamna. Kisa chake ni kwamba mfalme Indradyumna aliletewa gogo na bahari, akatokea fundi mzee akasema nitachonga ila nifungieni humo siku 21, asichungulie mtu. Mwanzoni nyundo inasikika, ko ko ko, baadaye kimya. Malkia Gundicha akaingiwa na wasiwasi, jamani huyu mzee si atakuwa kafa njaa humo? Mlango ukafunguliwa kabla ya siku, fundi hayupo, sanamu ziko nusu. Kumbe alikuwa Vishwakarma, fundi wa miungu. Mimi na wewe tungetafuta fundi mwingine amalizie si ndio, wao wakasema hapana, ndivyo alivyotaka aonekane.

Na mpaka leo zikichongwa upya zinachongwa hivyohivyo nusu. Maana mti unaoza, na mti wenyewe ni mwarobaini, ndio, huuhuu unaochemshiwa na bibi ukiwa na homa. Mara ya mwisho nnayoijua ni 2015, kabla ya hapo 1996. Usiku makuhani wanafungwa macho, mikono inazungushiwa vitambaa, wanatoa kitu ndani ya sanamu ya zamani wanakihamishia kwenye mpya, kitu gani hakisemwi, halafu ile ya zamani inazikwa. Na kuhusu homa, kila mwaka miungu inaogeshwa kwa mitungi 108 ya maji, basi inaugua, inalazwa siku kama 15 haionekani na mtu, inapewa dawa za mitishamba.

Kule Tirumala, jimbo la Andhra Pradesh kusini mwa India, kwenye hekalu lingine, kasoro ni deni. Mungu wa hapo, Vishnu, alitaka kumuoa Padmavati, mfukoni hana kitu, akakopa kwa Kubera, mweka hazina wa miungu, na hilo deni halijaisha, waumini wanaotumbukiza pesa kwenye chombo cha sadaka wanasema wanamsaidia bwana kulipa riba. Harusi ya mkopo, nani hapa haijui hiyo! Wengine wananyoa vipara kabisa, sababu zamani bwana huyo alipigwa shoka kichwani, nywele zikakosa kuota pale, binti mmoja Neela Devi akakata zake akampa. Nywele hizo hekalu linazipiga mnada, zinaenda nje kutengenezwa mawigi. Akina dada msiniangalie hivyo.

Turudi Puri nimalizie. Asiye Mhindu haingii lile hekalu, ila mwaka mara moja mungu mwenyewe anatoka. Magari matatu makubwa ya mbao, la Jagannath lina magurudumu 16, watu wanalivuta kwa kamba, na kabla halijaondoka mfalme wa Puri analifagia kwa ufagio wa dhahabu, yaani mfalme anageuka mfagizi. Wanaenda hekalu la Gundicha, kama kilomita 3 hivi, wanakaa siku kadhaa wanarudi. Shida ni kwamba kaenda na kaka na dada, mke wake Lakshmi kamwacha nyumbani. Basi akirudi anakuta mlango umefungwa, watumishi wa upande wa mke wanabishana na watumishi wa upande wa mume pale mlangoni mbele za watu, hadi bwana atoe rasagola, zile donge laini za jibini zilizolowa shira. Bibi akishaonja ndo mlango unafunguliwa.