Kupanda Chaneli Rahisi, Kushuka Ndiyo Kazi

Habari za jioni, ndugu zangu. Leo ni chaneli za kutoa programu, yaani ngazi ambazo toleo jipya hupanda kabla ya kufika kwa wote: maendeleo, beta na thabiti. Tuchukue mfano mmoja: programu ya simu ya kuandika mizigo ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, inayotumiwa hadi visiwani Ukerewe, ambako simu inaweza kukaa siku tatu bila mtandao.

Chaneli ya maendeleo ni ya wasanidi wenyewe, wanaoiandika programu. Hupokea kila badiliko. Beta ni ya majaribio, kwa waliokubali kukwazwa. Thabiti ni ya wote. Faili lililopimwa kwenye beta ndilo hilohilo lipande kuwa thabiti. Ukilijenga upya, unatoa kitu ambacho hakuna aliyekipima. Na msiige Chrome, kivinjari cha Google, iliyoanza kutoa toleo thabiti kila wiki 4 mwaka 2021, kama wapimaji wenu ni wawili.

Sasa kushuka, yaani kurudi toleo la nyuma. Tuseme thabiti ni toleo namba 208, na beta ni 212 iliyoongeza safu ya "aina ya gunia". Hifadhidata, yaani majedwali ambamo programu hutunza mizigo kwenye simu, imetoka toleo la 7 kwenda la 8. Mjaribu akijitoa beta, Google Play haimrudishi 208, maana Android haipokei sasisho lenye namba ndogo kuliko iliyopo. Atabaki na 212 mpaka thabiti iipite. Akifuta programu ili aanze upya, mizigo ambayo haijafika kwenye seva imekwenda na maji. Kwa hiyo atume kwanza, ndipo afute.

Je, 212 ikishafika thabiti na kuonekana mbovu? Wengi huchukua msimbo wa 208, wakaubandika namba 213, wakautoa. Msimbo ule unakuta hifadhidata ya 8 usiyoijua, na programu inajifunga kila ikifunguliwa: dawa imezidi ugonjwa. 213 iendelee kuitambua hifadhidata ya 8, safu ya gunia ikae tu bila kutumika. Safu hiyo nayo iwe imeruhusiwa kuwa tupu tangu mwanzo, la sivyo kila mzigo mpya utakataliwa.

Kutoa thabiti, anzeni na asilimia 5 ya watumiaji, msubiri siku 4. Saa 24 hazitoshi: ripoti za kwanza ni za mjini, za visiwani bado. Mkisimamisha usambazaji, waliokwisha kupokea toleo bovu wanabaki nalo. Hao wanahitaji 213.

Marekebisho yaingie kwanza kwenye maendeleo, ndipo yanakiliwe beta na thabiti. Yakiwekwa thabiti peke yake, toleo lijalo linakuja na kasoro ileile.