Hula Inaanzia Mdomoni

ZUHURA: Haya, tuko hewani. Kaka Baraka, ukisikia neno hula, ngoma ya jadi ya visiwa vya Hawaii, kitu gani kinakujia kwanza?

BARAKA: Sketi ya majani, dada. Na yule mwanasesere wa kwenye dashibodi anayetikisa kiuno.

ZUHURA: Nilijua tu! Basi sketi ile ya majani iliingia Hawaii karne ya 19, pamoja na watu wa visiwa vya Gilbert, Kiribati ya leo. Wahawaii wenyewe walivaa kapa, nguo ya magome ya mti yaliyopondwapondwa. Kama umewahi kuona lubugo la Waganda, umeshapata picha.

BARAKA: Na wanaume wanacheza?

ZUHURA: Wanacheza mpaka sakafu inalia. Lakini kiuno tukiache kwanza, tuanze na mdomo. Hula ya kale, hula kahiko, haina gitaa wala ukulele. Kuna mtu anaghani, na mchezaji anafuata neno. Utenzi huo ndio mele. Ukiyaondoa maneno, mikono haina cha kusema.

BARAKA: Sasa mdundo unatoka wapi?

ZUHURA: Kwenye ipu heke, vibuyu viwili vilivyounganishwa, kimoja juu ya kingine. Mpigaji anaketi, anavidundisha kwenye mkeka, halafu anavipiga kofi ubavuni. Ipo pia pahu, ngoma ya kusimama, gogo la mnazi lililowambwa ngozi ya papa.

BARAKA: Papa huyuhuyu?

ZUHURA: Huyuhuyu wa ng'onda! Ila pahu ilikuwa ya hekaluni, kwa hiyo hula zake hazichezwi ovyo.

BARAKA: Nimesikia wamisionari waliipiga marufuku.

ZUHURA: Walishinikiza, ndiyo. Walifika 1820. Lakini amri ya 1830 ilitoka kwa mwenyeji, Malkia Kaʻahumanu, mjane wa Kamehameha wa Kwanza, mfalme wa Hawaii. Alikuwa ameshabatizwa. Hula hadharani, marufuku.

BARAKA: Ikafa?

ZUHURA: Ingekufaje, wakati ilikuwa vichwani mwa watu? Kabla ya wageni hawakuwa na maandishi. Nasaba za machifu, majina ya upepo, habari za Pele, mungu wa kike wa volkano, vyote vilikaa kwenye mele. Mwalimu kijijini akaendelea kumfundisha mwanafunzi wake kimyakimya. Halafu 1883 Mfalme Kalākaua akafanya sherehe za kutawazwa, akaitoa hula nje, kwenye viwanja vya ikulu, Honolulu. Ratiba ya nyimbo ilipochapwa, kesi ikaenda mahakamani: uchafu!

BARAKA: Uchafu gani tena?

ZUHURA: Kuna mele maʻi. Wenye watoto karibu, punguzeni sauti. Zinasifu viungo vya uzazi vya chifu, ili ukoo usikatike. Na nyingi zimefumbwa. Fumbo lenyewe wanaliita kaona.

BARAKA: Kumbe kama taarabu. Mvua ikitajwa, usikimbilie mwavuli.

ZUHURA: Hasa! Mvua inaweza kuwa mpenzi.

BARAKA: Na leo mtu aione wapi?

ZUHURA: Kwenye mji uitwao Hilo, hukohuko Hawaii, wiki ya baada ya Pasaka. Tamasha la Merrie Monarch lilianzishwa 1963, mashindano ya hula yakaongezwa 1971. Jina ni la utani la Kalākaua huyohuyo, mfalme mchangamfu. Anza na usiku wa kahiko. Mimi ule wa hula ya kisasa, yenye magitaa, naufurahia, lakini nywele hazinisimami.

BARAKA: Nikitaka kujifunza je?

ZUHURA: Unaanzia mlangoni. Shule ni hālau, mwalimu ni kumu, na huingii tu. Unasimama nje unaghani oli, yaani mele isiyochezwa, kuomba ruhusa. Kumu naye anakujibu kwa oli kutoka ndani.

BARAKA: Hodi na karibu!

ZUHURA: Hodi yenye beti, kaka.

BARAKA: Na asipoitikia?

ZUHURA: Unarudia. Pengine sauti imetoka kooni tu, haikutoka tumboni. Pengine umekosea neno. Unarudia tena.

BARAKA: Mimi nitalala barazani, dada, niletewe mto.