Usimwage Vumbi la Mkaa, Lipikie

Karibuni tena jamani. Leo tunashughulika na hili vumbi linalobaki chini ya gunia, ambalo wengi mnalimwaga. Msilimwage! Huu ni mkaa kamili, sehemu kubwa ya moshi wake ilishatoka tanurini. Umekosa cha kuushikanisha tu, nasi leo tunaushikanisha uwe madonge ya kupikia.

Nimeshachekecha, vipande vikubwa nimetwanga. Hapa nina kilo 5. Ondoeni mchanga, la sivyo jiko litajaa majivu.

Sasa gundi. Unga wa muhogo gramu 300, maji lita 3. Sogeeni, maana kazi yenyewe iko hapa. Unga ukoroge kwanza kwenye nusu lita ya maji ya baridi. Ya baridi, nimesema! Mara ya kwanza niliumwaga kwenye maji yanayochemka, ukashikana madonge, na mkaa wote ukamomonyoka ulipokauka. Iliniuma sana. Kwa hiyo baridi kwanza, ndipo umimine kwenye yale yanayochemka, mwiko usipumzike. Weupe ukipotea, uji ukang'aa na kuvutika, umeiva. Ukiwa bado mweupe haushiki kitu, rudisha motoni.

Tia uji kwenye vumbi kidogo kidogo, usimimine wote. Finyanga donge, liachie kutoka usawa wa kiuno. Likisambaratika, ongeza uji. Likibandika chini kama tope, ongeza vumbi.

Kalibu yangu ni kipande cha bomba na mti wa kushindilia. Jaza, shindilia, sukuma... eh, ngojeni. Mnaona huo ufa? Sikushindilia vya kutosha. Linarudi karaini, halipotei. Tena... haya, hivi ndivyo. Mimi napenda kutoboa tundu katikati, hewa ipite, moto ushike upesi.

Siku ya kwanza anika kivulini, kisha juani siku 3 hadi 5. Jua kali la ghafla hukausha nje tu, na ufa unarudi. Vunja moja uangalie: ndani pakiwa na unyevu, subiri, la sivyo litafuka moshi.

Na hili nawaomba kwa moyo wote. Moshi kupungua si ruhusa ya kufunga madirisha. Mkaa wowote ukiwaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Washeni penye hewa, na jiko lenye moto lisilale chumbani na watu.

Haya, ya wiki iliyopita yamekauka. Leteni kiberiti.