RPG za Mchezaji Mmoja: Kwa Nini Sura ya Mwisho Huvunjika

ZUHURA: Karibuni. Kaka Baraka, Baldur's Gate 3 ilipotoka Agosti 2023 wengi walisema RPG za kompyuta, yaani gemu unazocheza kama mhusika na maamuzi yako hubadili hadithi, zimefufuka. Unakubali?

BARAKA: Hazikuwa zimekufa, dada. Mwaka 2012 mashabiki waliichangia Pillars of Eternity karibu dola milioni 4. Mwaka 2019 ikaja Disco Elysium, isiyo na mfumo wa mapigano kabisa. Kinachonisumbua ni nani atamudu kuzitengeneza vizuri hadi mwisho.

ZUHURA: Gharama iko wapi hasa?

BARAKA: Kwenye maamuzi. Maamuzi matatu yenye njia mbili mbili yanazaa hali 8. Yakifika kumi, ni 1,024. Huwezi kuandika matukio 1,024, kwa hiyo gemu huweka alama: mlinzi amekufa, kijiji kimeungua. Mazungumzo husoma alama hizo kabla ya kuchagua sentensi. Sasa zikikutana alama mbili ambazo hakuna aliyewahi kuzijaribu pamoja, marehemu anakusalimu langoni.

ZUHURA: Na sura za mwisho ndizo zinazoumia.

BARAKA: Sana! Baldur's Gate 3 iliuzwa kabla haijakamilika kuanzia Oktoba 2020, na wanunuzi hao walipewa sura ya kwanza tu. Karibu miaka mitatu ya macho ya watu. Sura ya tatu, ya mwisho, ikayapata macho hayo siku gemu ilipotoka, na jiji lake lenye umati likaielemea prosesa, fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, zikashuka. Larian, watengenezaji wake, wakaendelea kulirekebisha kwa masasisho.

ZUHURA: Timu ndogo ifanye nini?

BARAKA: Itengeneze sevu za kubuni, yaani faili za mchezo uliohifadhiwa ambao hakuna aliyeucheza. Programu iweke alama kwa nasibu, ifungue sura ya mwisho, ipitie mazungumzo yote, kila usiku. Sentensi isiyofikika au mtu asiyepaswa kuwepo ataonekana asubuhi. Pia, msikimbilie kurekodi sauti. Sentensi ikishasomwa na mwigizaji, kuibadilisha ni kumrudisha studio. Disco Elysium ilianza na sauti kwa sehemu tu. Sauti kamili zilikuja Machi 2021.

ZUHURA: Mimi nina neno kuhusu dadu, zile gemu inazorusha kuamua kama jaribio lako limefaulu. Mchezaji anasevu, anarusha, akikosa anarudi nyuma. Wabunifu humlaumu, na mimi naona wanamwonea. Anarudi kwa sababu akishindwa hapewi chochote, mlango umefungwa, basi. Disco Elysium inarusha dadu mbili. Zikitoka moja na moja umeshindwa hata uwe fundi namna gani, nafasi 1 kati ya 36. Majaribio yake ni ya rangi mbili: jeupe hufunguka tena ukiongeza pointi kwenye ujuzi husika, jekundu halirudiwi. Lakini kushindwa kwenyewe kumeandikiwa tukio, na mara nyingi linavutia kuliko ushindi. Watu wanalikubali.

BARAKA: Basi tukio la kushindwa liandikwe kwanza. Ukikosa cha kuandika, ondoa dadu hapo, mchezaji apite.

ZUHURA: Na miaka ijayo?

BARAKA: Natamani gemu fupi zaidi. Clair Obscur: Expedition 33, ya Aprili 2025, inakwenda moja kwa moja na kuweka uamuzi wake mzito mwishoni, hapo matawi ya hadithi yanayotokana na maamuzi hayana muda wa kuzaana. Anayetaka matawi mengi apunguze ardhi: mji mmoja, wenzako watatu, saa kumi na tano.

ZUHURA: Saa kumi na tano, halafu niicheze mara tatu. Hiyo nitanunua.